Montessori nyumbani kwa mtoto wa miaka 3 hadi 6: mwongozo kamili kwa mzazi aliyeko Uganda

Wazazi wengi wa Kampala wakisikia neno Montessori huwaza shule ya kizungu yenye karo kubwa na vifaa vya mbao vilivyoletwa kwa meli. Njia hii ya mtoto kujifunza kwa kazi za mikono haikuanzia huko. Tarehe 6 Januari 1907 daktari wa Kiitaliano, Maria Montessori, alifungua nyumba yake ya kwanza ya watoto katika mtaa wa San Lorenzo, Roma, mtaa wa watu maskini, kwa watoto waliokuwa wakishinda bila mtu huku wazazi wao wakihangaika na vibarua. Mtoto wa Kawempe, Arua au Bweyale anaweza kufanya karibu kazi zote za njia hii kwa vitu vilivyomo jikoni, dukani na kwa fundi cherehani.

Kifaa chochote kinafaa kikitimiza mambo matatu. La kwanza, kiwe na ugumu mmoja tu: kama mtoto anapanga rangi, basi vitu vyote viwe na umbo na ukubwa mmoja, asije akachanganyikiwa nini hasa anachotafuta. La pili, kimwonyeshe mtoto kosa lake bila wewe kufungua mdomo. La tatu, aweze kukirudia mara ishirini akitaka. Midoli inayowaka taa na kuimba haina hata moja kati ya haya, ndiyo maana huchosha upesi.

Mahali pa kazi

Huhitaji chumba cha pekee. Hata kwenye muzigo, nyumba ya kupanga ya chumba kimoja, tafuta kona isiyopitwapitwa, mbali na sigiri na mbali na mlango. Weka ubao juu ya matofali, kimo cha sentimita 50 hivi, ili mtoto aone kila kitu na akifikie bila kuomba. Juu yake panga kazi nne, zisizidi sita. Ukiweka kumi na tano, mtoto atagusa zote na hatafanya hata moja.

Kila kazi ikae kwenye sinia yake ndogo ya plastiki ikiwa kamili. Kama ni kumimina, basi majagi mawili, nafaka na kitambaa cha kupangusia viwe pamoja. Kimoja kikikosekana mtoto atainuka kwenda kukitafuta, na akiinuka huwa harudi.

Mahali pa kufanyia kazi ni mkeka mdogo, sentimita 60 kwa 90 unatosha. Usikate mkeka mkubwa ukauacha hivyo hivyo. Utafumuka ndani ya siku chache. Mpe fundi cherehani auzungushie pindo la kitambaa. Somo la kwanza kabisa ni kuutandika mkeka, kuuviringisha na kuurudisha mahali pake, na sheria moja: kilicho juu ya mkeka wa mtu hakiguswi na mwingine. Sheria hii itakuokoa siku watoto wa jirani watakapojaa mlangoni. Usinunue sinia ya pili ya kazi ile ile ili kila mmoja apate. Kuwe na moja tu, na anayeitaka asubiri mwenzake airudishe kwenye ubao.

Saa nzuri ni asubuhi baada ya uji, au jioni mtoto akishatoka nasari na kula. Nusu saa hadi saa moja inatosha kwa mwanzo. Mwelezeni pia dada wa kazi na jaja (bibi au babu) wa mtoto mnachofanya, maana kazi nyingi huharibikia mikononi mwa mtu mzima mwenye huruma anayemalizia kila kitu kwa niaba ya mtoto.

Namna ya kumwonyesha

Hapa ndipo wazazi wengi hukosea, hata walio na vifaa bora. Kaa upande wa mkono mtoto anaoutumia zaidi. Kama nyote mnatumia wa kulia, kaa kuliani kwake. Ukikaa kushotoni, mkono wako utaziba kile anachotakiwa kukiona. Akiwa anatumia mkono wa kushoto, mwache autumie. Kaa kushotoni kwake, na jitahidi kumwonyesha kwa mkono huo huo.

Taja jina la kazi, "Leo nitakuonyesha kumimina maharage," halafu nyamaza. Mtoto wa miaka 3 hawezi kukutazama mikono na kusikiliza maelezo kwa wakati mmoja. Ukiongea atakutazama mdomo. Fanya tendo lote taratibu, na utue kidogo pale penye ugumu: vidole vinavyoshika mpini, mdomo wa jagi kabla ya kuinama. Ukimaliza, rudisha kila kitu kama kilivyokuwa, kisha umwambie, "Zamu yako." Weka mikono yako mapajani.

Akimwaga, usiseme umekosea, na usikimbilie kuokota. Maharage yaliyoko kwenye sinia yameshamwambia. Ukiona ameshindwa kabisa, acha amalize, na kesho umwonyeshe tena kana kwamba ni mara ya kwanza. Mkatize kwa mambo mawili tu: anapojihatarisha, au anaporusha na kuvunja. Hapo usigombe, mwambie, "Kazi hii tutaifanya tena kesho," kisha irudisheni pamoja kwenye ubao.

Sifa nazo zina kipimo. Ukipiga makofi kila dakika, mtoto ataanza kukutazama wewe badala ya kutazama kazi. Sema ulichokiona: "Leo hakuna hata punje nje ya jagi."

Majina ya rangi, herufi na tarakimu yana somo lake la hatua tatu. Chukua vitu viwili au vitatu tu, kwa mfano kizibo chekundu na cha bluu. Kwanza unataja: "Hii ni nyekundu. Hii ni bluu." Halafu unamwomba aonyeshe, na hapa ndipo pa kukaa muda mrefu zaidi, kwa mchezo: "Niwekee nyekundu kiganjani. Ficha bluu chini ya kikombe." Mwisho ndipo unauliza: "Hii ni rangi gani?" Akikosa katika hatua ya pili, usiende ya tatu, na usimsahihishe. Funga somo, urudi siku nyingine hatua ya kwanza. Wengi huanza na swali la mwisho, mtoto anakisia, anakosea mbele za watu, na kesho akiona vizibo anakimbia.

Kumimina, kumenya, kufua

Anza na kazi za nyumbani, hata kama unasikia haraka ya kumfundisha kusoma. Ndizo zinazompa mtoto vidole imara na subira ya kumaliza alichoanza.

Kwa kumimina tafuta majagi mawili madogo ya plastiki au ya bati, ya mililita 250 hadi 300, yenye mdomo uliochongoka na mpini unaoenea vidole vya mtoto. Bilauri na vikombe vyenye ukingo mnene havifai mwanzoni: vikimiminwa polepole, maji hurudi na kuteremka kwa nje, na mtoto atadhani kosa ni lake. Jaza jagi moja nusu, liwe upande wa mkono anaoutumia. Wiki ya kwanza tumia maharage makubwa, kwa sababu yakimwagika yanaonekana na yanaokoteka. Wiki inayofuata tumia mchele. Ulezi uache: punje zake huingia kwenye misuko ya mkeka na hakuna mtoto wa miaka 3 atakayezitoa. Akishamimina mchele bila kumwaga mara kadhaa, ingia kwenye maji. Zungushia jagi utepe wa rangi nje, chini kidogo ya nusu, umwonyeshe kwamba maji hayapiti hapo. Weka sponji ndogo kwenye sinia. Watoto wengine hupenda kukamua sponji kuliko kumimina kwenyewe. Hiyo nayo ni kazi, mwache aifanye.

Angalizo kuhusu punje. Maharage na mahindi makavu hupendwa sana na pua na masikio ya watoto, na yakiwa ndani hunyonya unyevu na kuvimba. Yakishakwama usiyachokonoe kwa kibano wala kijiti, maana utayasukuma ndani zaidi. Mpeleke kliniki siku hiyo hiyo. Kwa mtoto ambaye bado anatia kila kitu mdomoni, usitumie chochote kinachoweza kupita ndani ya kile kibomba cha katikati ya karatasi ya chooni. Akae na vijiko, vitambaa na viazi kwanza.

Mtoto anayemimina maji vizuri apewe jerikani yake ndogo ya lita 3. Ijaze nusu, ambayo ni kilo moja na nusu, aibebe kutoka kwenye bomba hadi ndani. Ikijaa kabisa ataiburuta na mwili utapinda upande mmoja.

Jikoni kuna kazi tele. Yai la kuchemsha limenywe kwa vidole, maharage mabichi yatolewe kwenye maganda, karanga zibanwe kwa kidole gumba na cha shahada, vidole vile vile atakavyoshikia kalamu. Bogoya, ndizi kubwa mbivu, likatwe vipande kwa kisu butu cha kupakia siagi: kata ncha moja wewe, chana ganda kidogo, yeye alivute na kukata. Matoke mabichi ni ya baadaye. Utomvu wake hutia weusi mikononi na nguoni, na kisu kinachoyamenya ni kikali mno kwa mkono wa miaka 4.

Kufua leso kunamfaa mtoto wa miaka 4. Unahitaji mabeseni mawili madogo, lita moja ya maji katika kila moja, na kipande cha sabuni kinachoenea kiganjani. Loweka, paka sabuni, sugua kuanzia pembe moja, kamua, suuza kwenye beseni la pili, kamua tena, anika kwenye kamba iliyofungwa kimo chake kwa vibanio viwili. Sabuni ya unga usitumie. Huuma macho na huchukua maji mengi kuisuuza. Akimaliza tu, mwageni maji yote. Mtoto mdogo anaweza kuzama hata kwenye beseni lenye maji machache.

Na kufagia: kata ufagio uufupishe, chora duara kwa chaki sakafuni lenye upana wa sentimita 30, umwambie takataka zote ziingie humo. Bila duara, mtoto hutawanya vumbi huku na huku na haoni kazi imeisha lini.

Macho, masikio na vidole

Kupanga vizibo vya soda kwa rangi ni rahisi na kila mtu anakujua. Gonga kingo zake kwa nyundo kwanza, zina makali.

Vitambaa ni vizuri zaidi. Omba kwa fundi vipande vilivyobaki: kitenge, jinzi, satini, nailoni, na ongeza kipande cha gunia na kipande cha lubugo, kile kitambaa cha gome la mutuba cha Buganda. Kata kila aina vipande viwili vya sentimita 10 kwa 10. Mtoto akifumba macho, apapase na kutafuta pacha wa kila kimoja. Wengi hawapendi kufungwa macho kwa kitambaa, usilazimishe. Anza na jozi tatu zinazotofautiana sana, mfano satini, gunia na lubugo. Jozi zinazokaribiana ziongezwe baadaye. Akifumbua macho, rangi zitamwonyesha kama amepatia.

Kwa masikio, tafuta chupa ndogo sita zinazofanana, uzifunike kwa karatasi zisionekane ndani. Mbili zitie mchanga, mbili mchele, mbili kokoto ndogo, kila moja vijiko viwili kamili. Vipimo vikipishana, mchele wa chupa moja hautalia kama wa nyingine na mtoto atakuwa sahihi huku kazi ikimwambia amekosea. Funga vifuniko kwa gundi, uweke alama inayofanana chini ya kila jozi. Chupa za dawa usizitumie kamwe, hata zikioshwa. Mtoto asizoee kuchezea chupa ya dawa.

Herufi za mchanga

Kabla ya herufi yoyote, cheza mchezo wa sauti kwa wiki kadhaa, njiani au mkisubiri boda: "Naona kitu kinachoanza na mmm." Mtoto ajibu "mti", "mlango", "mama". Toa sauti yenyewe, usiseme "em" wala "ma". Mtoto aliyefundishwa jina la Kiingereza la herufi atasoma m-a kama "em-ei", na hapo hakuna "ma" inayotoka.

Katika nyumba nyingi za Uganda kuna Kiswahili, Luganda au lugha nyingine ya nyumbani, na Kiingereza cha shule. Zungumzeni zote, lakini herufi zianze kwa lugha moja, ile mtoto anayoiongea vizuri zaidi. Sauti hazifanani: Mganda akiandika "ky" husoma karibu na "ch" ya Kiswahili. Mtoto wa miaka 4 akipewa vyote kwa pamoja hupoteza imani na herufi. Kama mmechagua Kiswahili, anza na sita hizi: a, i, o, k, m, t. Kwa hizo tu mtapata mama, kaka, kiti, koti, moto, mti, kata, taka na mtoto. Herufi b na d zisifundishwe wiki moja, na ch, sh, ng' zije mwisho.

Kutengeneza:

1. Kata kadibodi ngumu ya boksi, sentimita 12 kwa 15, kadi moja kwa kila herufi. Irabu zipake bluu na konsonanti rangi ya waridi, kama ilivyo desturi ya Montessori.
2. Chora herufi ndogo kwa penseli, kimo cha sentimita 8 hadi 10, unene wa mstari upana wa kidole cha mtoto.
3. Chekecha mchanga laini wa plasta, uuoshe, uukaushe juani. Uchujwe tena kwa kichujio cha chai. Mchanga wenye kokoto huumiza vidole na mtoto ataacha kugusa.
4. Paka gundi ya seremala kwa brashi ndogo, ukifuata njia ile ile kalamu inayopita. Uji wa wanga wa muhogo unashika pia, ila panya na sisimizi huupenda.
5. Nyunyiza mchanga mwingi, bonyeza kwa kiganja, acha ulale usiku kucha. Asubuhi kung'uta. Penye upara ongeza gundi.

Mchanga ukidondoka baada ya siku mbili, kwa kawaida ulikuwa na unyevu au gundi ilianza kukauka kabla hujaunyunyiza. Paka herufi moja moja, usipake zote sita halafu ndiyo utafute mchanga.

Mtoto apitishe vidole viwili, cha shahada na cha kati, juu ya mchanga kufuata njia ya kuandika, huku akitoa sauti. Tumia somo la hatua tatu, herufi mbili kwa siku. Hapa kidole kinajifunza njia ya herufi kabla ya penseli kuingia. Nasari nyingi hupeleka nyumbani daftari la kunakili a, a, a mapema sana, na mzazi hulazimika kumshika mtoto mkono. Ukiweza, zungumza na mwalimu wake kwa heshima, umwombe mtoto aandike kwa chaki sakafuni au kwa kidole kwenye sinia ya mchanga hadi vidole viwe tayari.

Kadi zikishamwelea, andika herufi zile zile kwenye vikaratasi vidogo, nakala nne nne, apange maneno mkekani: m-o-t-o. Atapanga maneno kabla ya kuweza kuyasoma. Ndivyo inavyokwenda, usimharakishe.

Hesabu kwa matete

Kifaa cha kwanza cha hesabu cha Montessori ni fimbo kumi, ya kwanza sentimita 10, ya pili 20, hadi ya kumi yenye mita moja, kila sentimita 10 ikibadilishana nyekundu na bluu. Uganda fimbo hizo ziko sokoni kwenye mafungu ya matete yanayouzwa kwa ajili ya ua. Jumla ya urefu ni mita 5 na nusu, kwa hiyo nunua mita 8 uwe na ya kuharibu. Chagua matete makavu yenye unene mmoja wa kidole gumba. Mafunjo yasitumike, hujikunja.

Pima na ukate tete moja baada ya jingine. Ukichora alama zote kwenye tete moja refu kisha ukakata, msumeno utakula milimita chache kila mara na fimbo zitatofautiana. Kosa la nusu sentimita linaonekana, kwa sababu uzuri wa kifaa uko hapa: ile fimbo ya sentimita 10 inapaswa kuziba pengo kati ya kila fimbo na inayoifuata. Mtoto akizipanga ngazi kwa ngazi, ataisogeza ile fupi kupima kila daraja. Isipoziba, amepanga vibaya. Kama umekata vibaya wewe, kifaa kimekuwa mwongo. Sugua ncha kwa msasa, maana nyuzi za matete huchoma. Paka rangi ukianza na nyekundu upande wa kushoto kwa kila fimbo.

Wiki ya kwanza asihesabu, apange ngazi tu. Kisha chukua fimbo tatu za mwanzo, uguse kila kipande: "Moja. Moja, mbili. Moja, mbili, tatu." Tatu hapa ni fimbo moja anayoishika mkononi, anaona urefu wake, hata kabla ya kuijua tarakimu.

Tarakimu za mchanga zitengenezwe kama herufi. Akizijua 0 hadi 9, panga vikombe kumi vya plastiki vyenye namba hizo, umpe vijiti 45 vya chelewa vilivyokatwa sentimita 12, na mipira ya kufungia. Aweke kijiti kimoja kwenye 1, viwili kwenye 2, afunge kila fungu. Ni 45 kamili kwa sababu ndiyo jumla ya 1 hadi 9. Vikiisha kabla ya 9 au vikibaki, kosa liko mahali fulani njiani. Kikombe cha 0 humsumbua kila mtoto. Atataka kutia angalau kimoja. Mwambie, "Sifuri ni kikombe tupu," na umpe mchezo: "Niletee vijiko viwili. Sasa niletee vijiko sifuri." Siku atakapokaa tu akicheka, ameelewa.

Mtoto wa miaka 5 anaweza pia kujifunza sarafu, mkiwa pamoja na mkono wako ukiwa karibu: mia ina ng'ombe, mia mbili ina samaki, mia tano ina korongo.

Na kama nyumbani kuna ubao wa omweso, mchezo wa bao wa Uganda, uteremshe. Una mashimo 32, safu nne za mashimo manane, na kete 64. Mpe kete zote kwenye bakuli, atie mbili mbili katika kila shimo kuanzia kushoto. Shimo likibaki tupu au kete ikibaki kwenye bakuli, arudi akague safu kwa safu mpaka apate shimo lenye moja au lenye tatu.